Mwongozo kamili: Kumfuatilia babu wa kale Mkweka aliyehamia Pennsylvania

Swali linalonijia kuliko mengine yote linatoka kwa wazazi. Mmoja ameoa Pennsylvania, mwingine ameolewa Indiana, watoto wamezaliwa, na upande wa pili wa familia kuna simulizi kwamba babu wa kale alikuwa Mkweka, yaani muumini wa Kanisa la Marafiki, aliyevuka bahari enzi za William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania. Mzazi anataka watoto wazijue koo zote mbili. Anakaa kwenye kompyuta, anaandika jina la huyo babu, majibu yanamiminika, na baada ya wiki mbili ana mti wa ukoo uliojaa watu wasiohusiana hata kidogo.

Kosa ni moja karibu kila mara: anatafuta jina. Akina John na Thomas walijaa kila kijiji. Mkweka wa karne ya 17 hupatikana kupitia mkutano wake wa mwezi, yaani kikao cha kila mwezi cha Wakweka wa eneo lake, kwa sababu huko ndiko karani alikoandika kuzaliwa kwake, ndoa yake, makosa yake na siku aliyoaga kuhama.

Mliokulia Kanisa la Marafiki magharibi mwa Kenya mna nafuu hapa. Wamisionari walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902, na Marafiki wa huko wamejipanga kwa mikutano ya mwezi, ya robo mwaka na ya mwaka. Mpango huo ni uleule wa Wakweka wa Pennsylvania wa miaka ya 1680. Karani anaandika, mkutano unaidhinisha, daftari linatunzwa. Kazi yetu ni kulifikia daftari hilo.

Njia nzima nitatumia mfano wa familia moja iliyo wazi katika kumbukumbu: ya Daniel Boone, mwindaji aliyefungua njia ya kwenda Kentucky. Babu yake, George Boone, alikuwa mfumaji Mkweka wa Bradninch, Devon, Uingereza, na alifika Philadelphia mwaka 1717.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja la karatasi au jedwali la kompyuta lenye safu tano: tukio, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe kama unavyoielewa, mahali, na waraka ulikoipata.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ambayo ni bure.
- Namna ya kuingia Ancestry, tovuti nyingine ya aina hiyo, ila ya kulipia. Usikimbilie kulipa. Maktaba nyingi za umma Marekani zinaruhusu wasomaji kuitumia bure kwenye kompyuta zao. Humo kuna picha za madaftari ya mikutano ya Wakweka kuanzia 1681.
- Ramani ya kaunti za Pennsylvania inayoonyesha miaka ya kuundwa kwake.
- Orodha ya miezi ya Wakweka, ambayo utaiandika mwenyewe katika Hatua ya 3 na kuibandika ukutani.
- Muda. Familia moja ikifanywa vizuri huchukua miezi, na hakuna njia ya mkato.

## Hatua ya 1: Rudi nyuma kizazi kwa kizazi

Anza na mtoto wako, kisha mzazi, kisha babu, ukithibitisha kila kiungo kwa hati. Sensa ya Marekani ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru wa kila nyumba kwa jina, kwa hiyo hadi hapo kazi ni nyepesi.

Watu huruka hatua hii kwa sababu jina la ukoo linafanana na la mlowezi mashuhuri. Usiruke. Kiungo kimoja kibovu mwaka 1820 kinakupeleka kwenye familia ya wengine, na kila utakachopata baada ya hapo, hata kiwe sahihi namna gani, si chako.

Umefaulu ukiwa na mtu mmoja aliyeishi karibu na mwaka 1800, mwenye jina, mwenzi wa ndoa na mahali, na hati mbili tofauti zinazokubaliana kumhusu.

## Hatua ya 2: Tafuta mkutano wake wa mwezi

Wakweka walikusanyika kuabudu katika vikundi vidogo vya jirani. Vikundi kadhaa viliungana kufanya mkutano wa mwezi, na huo ndio uliotunza madaftari. Juu yake palikuwa na mkutano wa robo mwaka, kisha wa mwaka. Ukitafuta kuzaliwa au ndoa kwenye kumbukumbu za mkutano wa mwaka utapoteza siku zako bure.

Ili kuupata mkutano, uliza kwanza: mahali alipoishi palikuwa kaunti gani *wakati ule*? Mwaka 1682 Pennsylvania ilikuwa na kaunti tatu tu: Philadelphia, Bucks na Chester. Lancaster ilizaliwa 1729, Berks 1752, Montgomery 1784, Delaware 1789. Daniel Boone alizaliwa mwaka 1734 mahali ambapo leo ni Kaunti ya Berks, lakini Berks haikuwepo. Anayetafuta hati za kuuziana ardhi za baba yake Berks anatafuta hewa. Ziko Philadelphia.

Mikutano nayo ilizaana. Familia ya Boone ilipofika ilikuwa chini ya mkutano wa mwezi wa Gwynedd. Baadaye eneo lao likapata mkutano wake, Exeter. Familia haikuhama hata hatua moja, ila jina lake likahama daftari. Babu yako akitoweka ghafla kwenye daftari moja, kabla ya kudhani amekufa, angalia kama mwaka huo mkutano mpya ulimegwa kutoka ule wa zamani.

Onyo kwa vizazi vya baadaye: mwaka 1827 Wakweka wa Philadelphia waligawanyika pande mbili, za Hicksite na Orthodox, na hawakuungana tena hadi 1955. Kuanzia 1827 mikutano mingi ina seti mbili za madaftari zenye jina lilelile. Soma zote mbili.

Madaftari ya asili ya eneo la Philadelphia yako sehemu mbili: Friends Historical Library katika Chuo cha Swarthmore, na maktaba ya Chuo cha Haverford. Ya North Carolina yako Chuo cha Guilford, na ya Indiana Chuo cha Earlham. Wahifadhi wa vyuo hivi wamezoea maswali ya watu wa mbali. Waandikie barua fupi yenye jina la mkutano na miaka unayotafuta, watakuelekeza.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi hii bila kusita: "Kati ya mwaka fulani na fulani familia hii ilikuwa chini ya mkutano wa mwezi wa mahali fulani, na madaftari yake yako mahali fulani."

## Hatua ya 3: Jifunze miezi yao, hasa wewe msomaji wa Kiswahili

Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka, na tunaanguka kwa sababu ya lugha yetu.

Wakweka walikataa kutamka majina ya miezi na siku yenye asili ya miungu ya Warumi na ya mataifa mengine. Wakaandika namba: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Mswahili akisoma hivyo anajisikia nyumbani. Sisi tunasema mwezi wa pili na tunamaanisha Februari, basi anaandika Februari bila kuwaza mara mbili.

Lakini hadi mwisho wa 1751, Uingereza na makoloni yake walihesabu mwaka kuanzia Machi 25. Kwa hiyo kwa Wakweka wa enzi hizo:

- Mwezi wa 1 ni Machi
- Mwezi wa 2 ni Aprili
- Mwezi wa 3 ni Mei
- Mwezi wa 4 ni Juni
- Mwezi wa 5 ni Julai
- Mwezi wa 6 ni Agosti
- Mwezi wa 7 ni Septemba
- Mwezi wa 8 ni Oktoba
- Mwezi wa 9 ni Novemba
- Mwezi wa 10 ni Desemba
- Mwezi wa 11 ni Januari
- Mwezi wa 12 ni Februari

Kuanzia Januari 1752 sheria ilibadilika, na mwezi wa kwanza ukawa Januari kama tunavyojua. Mwaka huohuo siku 11 zilirukwa: Septemba 2 ilifuatiwa na Septemba 14.

Tazama madhara yake kwa mfano niliotunga. Wosia umeandikwa siku ya 20, mwezi wa 11, mwaka 1698. Umethibitishwa siku ya 6, mwezi wa 1, mwaka 1698/9. Ukisoma kwa Kiswahili cha leo, wosia umeandikwa Novemba 1698 na ukathibitishwa Januari ya 1698, yaani miezi kumi kabla haujaandikwa. Mtu anakuna kichwa, anaamua kuna mababu wawili wenye jina moja, anagawa watoto kati yao, na ukoo umeharibika. Kwa hesabu sahihi wosia ni wa Januari 20 na uthibitisho ni wa Machi 6, wiki chache tu baadaye, na kwa hesabu yetu yote mawili ni mwaka 1699.

Alama ile ya mkwaju (/) katika "1698/9" iheshimu sana. Siku zilizoangukia kati ya Januari 1 na Machi 24 zilikuwa mwaka wa zamani kwa sheria na mwaka mpya kwa mazoea, ndiyo maana karani makini aliandika yote mawili. Karani asiye makini aliandika mmoja tu, na hapo itakubidi usome maingizo ya juu na ya chini yake ili ujue alikuwa anahesabu vipi.

Siku za juma nazo zina mtego. "Siku ya kwanza" yao ni Jumapili. Kwetu hesabu huanzia Jumamosi, ndiyo maana Jumapili imebeba namba mbili na Jumatatu namba tatu. Alhamisi peke yake inakubaliana nao: jina lake la Kiarabu maana yake ni ya tano, na kwa Wakweka ni siku ya tano kweli.

Kanuni yangu ni hii: nakili tarehe kama ilivyo kwenye waraka, herufi kwa herufi, kisha weka tafsiri yako kwenye safu ya pili. Usibadilishe siku za kabla ya 1752 ili zilingane na kalenda ya sasa. Daniel Boone anaandikwa na wengine kuwa alizaliwa Oktoba 22, 1734, na wengine Novemba 2. Ni siku ileile, kwa kalenda ya zamani na mpya. Asiyejua hilo huhesabu watoto wawili.

Umefaulu ukiweza kuisoma "siku ya 3, mwezi wa 7, 1685" na kusema Septemba papo hapo.

## Hatua ya 4: Fungua daftari lenyewe

Wengi huanzia kwenye ensaiklopidia ya William Wade Hinshaw ya nasaba za Wakweka wa Marekani, iliyoanza kutoka 1936 kwa juzuu sita. Ni kazi kubwa na inasaidia. Lakini ijue mipaka yake: juzuu ya pili, inayohusu Pennsylvania na New Jersey, imechukua mikutano minne tu: Salem, Burlington, Philadelphia na Falls. Daftari la Gwynedd halimo. Ukikosa jina humo hujathibitisha chochote.

Utakutana na vifupisho. "rocf" ni aliyepokewa kwa cheti kutoka mkutano mwingine. "gct" ni aliyepewa cheti cha kwenda kwingine. "mou" ni aliyeoa au kuolewa nje ya utaratibu wa Marafiki. "dis" ni aliyetengwa. Vishike hivi vinne kwanza, vingine utavizoea njiani.

Kisha nenda kwenye picha za daftari la asili. Kuna aina tano za kusoma, na zote ni za mkutano uleule:

1. Kumbukumbu za kikao cha wanaume
2. Kumbukumbu za kikao cha wanawake
3. Kuzaliwa na vifo
4. Vyeti vya ndoa
5. Vyeti vya kuhama

Ubatizo usiutafute. Wakweka hawakubatiza kwa maji, kwa hiyo kinachoandikwa ni kuzaliwa. Mara nyingi utakuta ukurasa mmoja wenye wazazi juu na watoto wote chini, umejazwa kwa mkono mmoja na wino mmoja. Hiyo ni ishara kwamba karani aliunakili miaka mingi baadaye, na tarehe zake zinahitaji shahidi wa pili.

Kikao cha wanawake nakuomba ukisome kwa moyo. Watafutaji wengi wanakiruka, na ndimo mama wa kale alimo akiwa na kauli yake. Wanawake walitumwa kumhoji bibi harusi mtarajiwa, walifuatilia wajane na yatima, walipeleka msaada wa kuni na nguo. Kuna mabibi ambao jina lao la kuzaliwa halipatikani kwingine kokote.

Kuhusu mwandiko: "ye" ya zamani ni neno "the". Herufi inayofanana na f katikati ya neno mara nyingi ni s. "ff" mwanzoni ni F kubwa, kwa hiyo "ffriends" ni Marafiki wenyewe. "Jno" ni John. "Jas" ni James na "Jos" ni Joseph, na hawa wawili wamechanganywa katika miti ya ukoo mingi sana. Ukishindwa kusoma herufi, itafute herufi hiyohiyo kwenye neno unalolijua katika ukurasa uleule.

Katika daftari la Gwynedd, mwishoni mwa 1717, George Boone anafika mbele ya mkutano na cheti cha mwenendo mwema kutoka mkutano wa Cullompton, Devon. Kinasomwa na kupokewa. Ni ingizo fupi tu, lakini limekupa tarehe aliyokuwepo, jina la mkutano wake wa Uingereza, na uhakika kwamba huyu ndiye.

Umefaulu ukiwa na angalau maingizo matatu ya babu yako kutoka madaftari mawili tofauti ya mkutano mmoja, uliyoyasoma kwa macho yako.

## Hatua ya 5: Soma cheti cha ndoa mstari kwa mstari

Kama ningeruhusiwa waraka mmoja tu, ningechagua huu.

Ndoa ya Wakweka haikuwa na kasisi. Wachumba walisimama mbele ya mkutano wa mwezi wakatangaza nia yao, wakarudi tena mwezi uliofuata. Katikati, watu waliteuliwa kuchunguza kama wote wawili wako huru kuoana na kama wazazi wameridhia. Mjane mwenye watoto alichunguzwa pia kama haki za watoto wa kwanza zimelindwa. Kwa hiyo ndoa moja inaacha alama mara tatu au nne katika daftari, na kila alama ina kitu kipya.

Cheti chenyewe kinawataja wachumba, kazi ya bwana harusi, mahali wanapoishi na majina ya wazazi wa pande zote. Mzazi aliyekwisha kufa huandikwa marehemu. Kisha wote waliohudhuria walitia sahihi, na hapo ndipo pa kutuliza macho. Ndugu wa karibu kwa kawaida walisaini katika safu ya kulia, chini kidogo ya majina ya maharusi. Wazazi, kaka, dada, wajomba, shangazi. Majirani walijaza safu nyingine. Squire Boone, mtoto wa George, alipomuoa Sarah Morgan mwaka 1720, koo mbili ziliunganishwa kwa wino namna hiyo.

Nakili majina *yote*, kwa mpangilio wa safu ulivyo. Leo hujui yupi ni shangazi. Mwezi ujao utamkuta kwenye wosia.

Onyo: kutia sahihi peke yake si ushahidi wa undugu. Hata wasio Wakweka walihudhuria na kusaini.

Wenye asili ya Wales waongeze umakini. Sehemu za Merion, Haverford na Radnor zilikaliwa na Wawelshi, na wengi wao walikuwa bado wanatumia jina la baba kama jina la pili. Mtoto wa John Thomas aliweza kuitwa Thomas Jones. Waswahili hatuna haja ya kufundishwa hili: Juma bin Hamisi huzaa Hamisi bin Juma, na hakuna anayeshangaa.

Umefaulu ukiwa na wazazi wa pande zote mbili na orodha kamili ya mashahidi.

## Hatua ya 6: Vuka bahari kwa cheti cha kuhama

Mkweka aliyehama aliomba cheti mkutano wake wa nyumbani: mwenendo wake ni mwema, hana deni, hana uchumba aliouacha nyuma. Alikikabidhi alikofika, na karani akakinakili au akakitaja. Hicho ndicho daraja lako la kwenda Uingereza, Wales au Ireland.

Ukishapata jina la mkutano wa huko, tafuta madaftari yake ya kuzaliwa, ndoa na maziko. Ya Uingereza na Wales yalikabidhiwa serikalini karne ya 19 na sasa yako Nyaraka za Taifa, Kew, katika mkusanyiko uitwao RG 6. Picha zake zimo Ancestry. Maktaba ya Marafiki iliyoko Friends House, Euston Road, London, ina muhtasari wa madaftari hayo.

Angalia pia mateso. Kabla ya kuhama wengi walifungwa au kunyang'anywa ng'ombe na vyombo kwa kukataa kulipa zaka na kukataa kula kiapo. Wakweka waliandika kila tukio, na Joseph Besse aliyachapisha kwa juzuu mbili mwaka 1753, yakipangwa kwa kaunti. Kumkuta babu yako humo, pamoja na thamani ya sufuria aliyonyang'anywa, ni jambo litakalokukalisha kimya.

Umefaulu ukiwa na jina la mkutano wa ng'ambo kutoka kwenye waraka, bila kubahatisha kwa jina la ukoo.

## Hatua ya 7: Meli, kwa haraka

Usitumie muda mwingi hapa. Orodha ya abiria wa *Welcome*, meli iliyomleta Penn mwaka 1682, haikusalia. Zinazozunguka zimeundwa upya na watafiti kwa kuunganisha vipande, na nyingine zimetiwa chumvi. Anayekwambia "tulikuja na Penn" mwombe waraka.

Kinachosaidia ni daftari la waliofika Bucks, lililotunzwa na karani Phineas Pemberton. Yeye mwenyewe alisafiri na meli *Submission* kutoka Liverpool akakusudia kufika Pennsylvania, ikamshusha Choptank, Maryland. Kwa hiyo babu yako akikosekana mto Delaware, bandari za jirani nazo ziangaliwe.

## Hatua ya 8: Ardhi

Penn aliuza ardhi kabla ya kuivuka bahari: ekari 5,000 kwa pauni 100, pamoja na kodi ya shilingi moja kwa mwaka kwa kila ekari 100. Walionunua vipande vidogo walikuwa wengi. Mtumishi wa mkataba alipomaliza muda wake naye aliahidiwa ekari 50, kwa hiyo hata kama babu yako hakuwa tajiri anaweza kuwa na hati.

Hati ziko tatu kwa mfuatano: amri ya kupimiwa, ramani ya upimaji, na hatimiliki. Zote ziko Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo, Harrisburg, na nyingi zina picha mtandaoni. Ichukue ramani ya upimaji kwa uzito, kwa sababu inaonyesha majirani wa kila upande. Linganisha majina hayo na mashahidi wa ndoa wa Hatua ya 5. Yakianza kujirudia, umeshampata mtu sahihi.

Onyo: wapo walionunua kwa Penn wakabaki Uingereza maisha yao yote. Kununua hakuthibitishi kuhama.

## Hatua ya 9: Wosia, orodha ya mali, na majina usiyoyatarajia

Wosia za Philadelphia zinaanza 1682. Za Chester za kabla ya 1714 zitafute Philadelphia, za baada ya hapo ziko West Chester, pamoja na za eneo la Kaunti ya Delaware hadi 1789.

Wosia unakupa watoto, lakini si lazima wote: aliyekwisha kupewa fungu lake akiwa hai huenda asitajwe, au aachiwe shilingi moja. Orodha ya mali ndiyo inayokuonyesha nyumba. Majirani wawili walipita chumba kwa chumba wakithamini: kitanda na manyoya yake, sahani za bati, Biblia, magurudumu ya kusokotea, ng'ombe, ngano iliyoko shambani, na muda uliobaki wa mtumishi wa mkataba.

Na wakati mwingine, kati ya ng'ombe na vyombo, jina la Mwafrika na bei yake.

Jitayarishe kwa hilo. Penn mwenyewe alimiliki watumwa, na Wakweka wengi wenye mali walifanya hivyo. Mwaka 1688 wanaume wanne wa Germantown waliandika waraka wa kupinga, wakiuliza kwa kanuni gani mtu anunuliwe na kuuzwa, na mikutano ya juu ikauweka kando. Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulianza kuwabana wanunuzi mwaka 1758, na mwaka 1776 ndipo ukaamua kwamba anayeendelea kumiliki watu atengwe.

Nakuomba jambo moja. Jina hilo liandike kwenye jedwali lako, kwenye mstari wake, kwa uangalifu uleule uliompa babu. Kisha tafuta hati za kuachwa huru, ambazo Haverford na Swarthmore wanazo nyingi za miaka ya 1770. Zinataja jina, umri, na tarehe ya uhuru. Mahali fulani kuna familia yenye asili ya Afrika inayomtafuta mtu huyo, na ukurasa ulio mbele yako huenda ndio pekee uliomtaja.

Umefaulu ukiwa na orodha ya kila mtu aliyeishi katika nyumba ile, mwenye uhuru na asiye nao.

## Hatua ya 10: Akitoweka daftarini

Kaburi halitakusaidia: Wakweka wa mwanzo waliona jiwe la kaburi ni majivuno, na wengi wamelala bila alama. Sababu kubwa ya jina kukatika ni kutengwa. Waliotengwa walikuwa wameoa nje, wameshindwa kulipa madeni, wamelewa, wamekula kiapo au wameshika silaha, na wakati wa vita vya uhuru vya Marekani walikuwa wengi mno.

Rudi kwenye kumbukumbu za wanaume na usome miezi sita kabla ya jina kukatika. Kesi haikuamuliwa kwa siku moja. Wajumbe walitumwa kuzungumza na mtu, wakarudi na majibu, wakatumwa tena. Aliyekubali kosa aliandika karatasi ya kuungama na kubaki.

Squire Boone alipitia pande zote mbili. Mwaka 1742 binti yake aliolewa na asiye Mkweka, mzee akakiri kosa mbele ya mkutano. Mwaka 1747 mwanawe Israel akaoa nje pia, na safari hii Squire hakukubali kuungama. Mwaka 1748 mkutano wa Exeter ukamtenga. Mkewe Sarah alibaki mwanachama, kwa hiyo jina lake linaendelea wakati la mume limekoma. Usidhani kwamba mume alikufa mwaka ule.

Mtu akishatoka kwenye daftari la Marafiki, mtafute kwenye la serikali. Mwaka 1750 familia iliondoka Pennsylvania kuelekea bonde la mto Yadkin, North Carolina. Kaunti ya Rowan ilipoanzishwa huko mwaka 1753, Squire Boone anatokea tena katika vitabu vya mahakama yake, safari hii akiwa mmoja wa mahakimu.